Mkunga wa Mombasa na msongo wa kazi: mwongozo wa kujipima, kulala mchana na kurudisha ladha ya maisha

Asubuhi moja nilitoka naiti, nikavuka feri, nikapanda matatu ya Ukunda nikitaka kushuka Shika Adabu, mwendo wa dakika chache tu kutoka kivukoni. Niliamshwa na makanga: "Sista, hapa ndio mwisho." Nilikuwa Ukunda. Mfukoni mwa sare nikakuta kibanio cha kitovu kikiwa bado ndani ya karatasi yake, na kipande cha plasta nilichoandikia saa ya kuzaliwa mtoto wa mwisho: 0552. Nikalipa nauli ya kurudi. Njiani nilijicheka, na nilipofika nyumbani nikalia bila kujua ninalilia nini.

Siku ile mtu angeniuliza kama naipenda kazi yangu, ningejibu naipenda, na singekuwa ninadanganya. Angeniuliza kama imenichosha, ningejibu imenichosha, na hapo pia ningesema kweli. Ilipita miaka kabla sijaelewa kwamba hayo ni maswali mawili, na kila moja lina dawa yake. Msongo ni uzito unaoubeba leo. Kuridhika ni jibu unalojipa ukiyatazama maisha yako yote na kujiuliza kama ndiyo uliyoyataka. Ukitua mzigo haimaanishi kwamba utaridhika. Namjua mkunga aliyehamishwa kliniki ya wajawazito, akawa analala kila usiku kama mtoto, na bado akaona siku zake hazina chumvi. Na namjua mwingine anayekesha leba mwezi mzima huku akiimba.

Nawaandikia wakunga wenzangu wa kisiwani, Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu, wa serikali na wa hospitali za kibinafsi. Wanaume mlioko leba pia mmo, ingawa wazazi, yaani wanawake wanaojifungua, wanawaita "sista" vilevile. Fuata hatua kwa mpangilio, isipokuwa uwe umefika mahali unatamani usiamke tena. Ikiwa ni hivyo, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 8 sasa hivi.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki mbili kabla hujabadilisha chochote

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila ukitoka zamu, kabla hujaoga, andika mistari minne: saa ulizolala kabla ya zamu hiyo, wazazi wangapi uliowashughulikia kwa wakati mmoja, jambo moja lililokukaa kooni, na jambo moja lililokufurahisha. Mistari minne inatosha, usiandike insha. Usiandike jina la mgonjwa wala namba ya faili, maana daftari hupotea.

Mstari wa tatu ndio wenye siri. Nilipousoma wangu baada ya wiki mbili nilidhani nitakuta damu, vifafa vya mimba na watoto waliochoka. Katika zamu kumi na moja, dharura ilijitokeza mara mbili tu. Zilizobaki zilikuwa hizi: rosta iliyobadilishwa bila kuambiwa, glavu zilizokwisha usiku wa manane, daktari aliyenikatiza mbele ya mzazi, jamaa wa mgonjwa aliyenitolea maneno mlangoni. Dharura ilinichosha mwili, na usingizi ukaniponya. Haya mengine nilikwenda nayo nyumbani.

Mtafiti Robert Karasek alilieleza jambo hili mwaka 1979: kazi inayodai mengi huumiza zaidi pale anayeifanya anapokuwa na usemi mdogo juu yake. Mkunga ana madai makubwa na usemi kidogo. Kwa hiyo ukisoma daftari lako usijiulize tu utapunguzaje kazi, kwa sababu wazazi hawatapungua. Jiulize: katika haya, ni lipi ninaloweza kupata usemi juu yake? Lipigie duara. Utalihitaji kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Jipime kwa mizani miwili

Mizani ya kwanza ni ya msongo. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Sheldon Cohen na wenzake cha mwaka 1983. Toleo lake la maswali 10 linauliza juu ya mwezi uliopita: mara ngapi ulihisi mambo yamekushinda, mara ngapi ulikasirishwa na yasiyo mikononi mwako, mara ngapi uliona mambo yanakwenda utakavyo. Kila jibu lina alama 0 hadi 4, na yale maswali ya mambo mazuri huhesabiwa kinyume. Jumla ni 40. Kwa kawaida 0 hadi 13 huchukuliwa kuwa msongo mdogo, 14 hadi 26 wa kadiri, na 27 kwenda juu mkubwa. Si kipimo cha ugonjwa, ni kama kupima presha: namba ikiwa juu, unatafuta sababu.

Mizani ya pili ni ya kuridhika na maisha, na huu ni mfupi kiasi kwamba unaweza kuufanya kwenye foleni ya feri. Ulitungwa na Ed Diener na wenzake mwaka 1985, una kauli tano, na kila moja unaipa alama kuanzia 1, ukiwa unaikataa kabisa, hadi 7, ukiwa unaikubali kabisa. Kwa maneno yangu, kauli zinauliza hivi: maisha yangu yanakaribia yale niliyoyatamani, hali ya maisha yangu ni nzuri sana, nimeridhika nayo, mpaka sasa nimepata yale ya muhimu niliyoyataka, ningepewa kuishi upya nisingebadilisha mengi. Jumla ni kati ya 5 na 35. Katikati ni 20. Kuanzia 26 mtu ameridhika, na chini ya 15 kuna jambo linalotaka kutazamwa.

Sasa ziweke namba mbili pamoja. Msongo juu na kuridhika juu: unaipenda kazi lakini inakula mwili wako, anzia usingizi na rosta. Zote mbaya: usijaribu kujitibu peke yako, fanya hatua ya 3 na ya 8 kwa pamoja.

Mkunga ninayemwogopea zaidi ni yule ambaye msongo wake uko chini na kuridhika kwake pia kuko chini. Huyu halalamiki. Hufika kwa wakati, hujaza partografu, ile chati ya mwenendo wa uchungu, vizuri, na mzazi akilia husema "sukuma" kwa sauti ileile anayotumia kuagiza chai. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaeleza kuchakaa kwa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuikejeli, na kuona hufanyi lolote la maana. Mara nyingi ya pili ndiyo tunayoisifu: "huyo ameshazoea." Mimi nadhani mengi ya yale matusi na makofi yanayosemwa juu ya leba zetu hutoka kwa watu walioshika ganzi hivyo, kuliko kwa watu wenye roho mbaya. Silitoi kama udhuru. Mzazi aliyepigwa kofi hajali sababu.

Hatua ya 3: Ulinde usingizi wa mchana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukifanya hatua hii moja tu utakuwa umeshapunguza nusu ya kilio.

Mwili hupungukiwa macho zaidi kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Hata kama umelala mchana, muda huo utakushika. Kwa hiyo kila dozi unayoiandaa saa hizo, msomee mwenzako jina na kipimo kwa sauti. Kahawa inywe mapema. Saa tano hivi tangu uinywe, karibu nusu ya nguvu yake bado iko mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi alfajiri kitakuwa bado kinakuchezesha moyo ukiwa kitandani saa tatu asubuhi. Kikombe changu cha mwisho ni saa saba usiku. Kama zamu inaruhusu na mwenzako anakubali, kilala cha dakika ishirini kina faida kuliko kikombe cha pili. Kikizidi nusu saa utaamka mzito kama umelewa, na si vizuri kuitwa kwenye kitanda ukiwa hivyo.

Ukitoka, vaa miwani ya jua. Jua la asubuhi huuambia ubongo kumekucha. Usiendeshe gari na usishike pikipiki yako mwenyewe baada ya naiti ngumu. Ukipanda matatu, mwambie makanga unaposhuka kabla hujakaa, na useme mara mbili. Hilo nililipia nauli ya Ukunda kulijifunza.

Nyumbani kula kidogo. Mahamri na mbaazi za nazi ni vitamu, nakubali, lakini sahani nzima juu ya tumbo la asubuhi na joto la kaskazi itakuamsha na kiungulia saa tano. Mimi hula ndizi na chai ya rangi nyepesi, au uji, mbaazi zinangoja jioni.

Chumba kiwe giza. Leso moja dirishani haitoshi, mwanga unapenya ule uwazi wa maua. Nilichukua leso mbili kuukuu nikashona katikati yake kipande cha blanketi jeusi, nikatundika kwa misumari miwili, na mpaka leo hiyo ndiyo pazia bora nimewahi kuwa nayo. Feni iwashe hata siku za kusi ambazo huihitaji, kwa sababu mvumo wake unafunika sauti za ukumbini. Joto likizidi, kuna taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, juu ya shingo au miguu.

Jambo gumu kuliko joto ni watu. Katika nyumba zetu mtu aliyelala saa nne asubuhi ni mtu anayeweza kuamshwa: aulizwe chumvi iko wapi, apokee mgeni, amtazame mtoto dakika moja. Mavyaa wangu, Mungu ampe afya, aliamini kwa dhati kwamba kulala mchana ni uvivu. Kumweleza sayansi hakukusaidia. Kilichosaidia ni kumwambia hivi: "Mama, jana usiku nilizalisha wanawake wanne. Leo usiku kuna wengine. Ukiniamsha, ni mimi huyu niliye na usingizi nitakayemshika mkweo." Tangu siku hiyo yeye ndiye askari wa mlango. Ongea na watu wa nyumba kabla wiki ya naiti haijaanza, taja saa: "kuanzia saa tatu hadi saa nane simo." Simu izimwe, au imruhusu mtu mmoja tu kukupigia. Usingizi wa saa tano mfululizo, kisha kilala kifupi jioni kabla ya kutoka, unafaa kuliko saa saba zilizokatwakatwa.

Kwa wanaofunga: Ramadhani ya naiti ina ratiba yake. Daku linaanguka katikati ya zamu, wakati mwingine katikati ya uzazi. Tayarisha daku la kula kwa mkono mmoja, tende na maziwa au mkate wa mayai, uweke karibu, na uombe mwenzako asiyefunga akushikie kitanda kwa dakika kumi. Maji yanywe mengi kati ya futari na daku, kidogokidogo.

Hatua ya 4: Ndani ya zamu

Hii ni fupi. Kunywa maji na uende msalani. Najua inachekesha kumwambia mkunga hivyo, lakini wewe unayemwambia mzazi akojoe kila baada ya saa chache, mara ya mwisho ulikwenda lini? Chupa iandike jina lako na iwe imekwisha kabla ya katikati ya zamu. Keti unapoandika. Ukihisi hasira inapanda juu ya mzazi asiyesikia maelekezo, shusha mabega, toa pumzi ndefu kuliko uliyoingiza, mara tatu, kisha ndipo useme.

Ukijichoma sindano, osha kwa maji na sabuni, ripoti hapo hapo, na uanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI mapema iwezekanavyo. Mwisho ni saa 72, na huendelea kwa siku 28. Usikae nayo moyoni kwa aibu. Wasiwasi wa miezi ya kungoja peke yako ni msongo ambao hakuna aliyekuomba uubebe. Hakikisha pia ajali imeandikwa rasmi, kwa sababu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inategemea maandishi.

Juu ya jamaa wanaopiga kelele mlangoni: wahenga wa pwani walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wengi wetu tunaisoma methali hiyo kama sifa. Mimi naisoma kama onyo kwamba watu wametutukana tangu zamani. Anayepiga kelele mara nyingi hajaambiwa chochote kwa saa sita. Mtume mtu mmoja, au toka mwenyewe kwa nusu dakika: "Mimi ndiye niliye naye. Hajazaa bado, mapigo ya mtoto ni mazuri, nitarudi baada ya swala ya alasiri kuwaambia." Kisha urudi kweli.

Hatua ya 5: Dai usemi kwenye rosta

Chukua lile duara la hatua ya 1. Kama ni rosta, na mara nyingi ni rosta, usiende kwa inchaji, yaani mkuu wa wodi, ukiwa umetoka naiti na macho mekundu. Nenda siku ya ofu, na daftari mkononi, na ombi moja. Ombi moja tu. Anayeomba mambo matano hupewa ahadi tano.

Maombi yenye nguvu ni haya: rosta itoke wiki mbili kabla, zamu zizunguke kwa kwenda mbele, yaani asubuhi, alasiri, kisha usiku, maana mwili huvumilia mzunguko huo kuliko wa kurudi nyuma, kati ya zamu mbili pawe na saa kumi na moja angalau, na naiti zisipangwe nyingi mfululizo pale zinapoweza kugawanywa. Usiende mikono mitupu, nenda na suluhu. Sisi tulimaliza ugomvi wa sikukuu kwa mapatano ya kikaratasi kimoja kilichobandikwa kabatini: Waislamu tunashika Krismasi na Pasaka, Wakristo wanashika Idi zote mbili. Hakuna aliyekuja kutupangia.

Jua pia sheria ilivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu, na naisema kwa sababu wakunga ndio watu wanaoahirisha likizo zao za uzazi mpaka chupa inapasukia wodini. Andika ombi la likizo kwa maandishi na ubaki na nakala.

Hatua ya 6: Usiku ulioharibika

Kuna usiku nilikuwa na mtoto aliyezaliwa kimya. Sisi hufundishwa kuwa dakika ya kwanza ndiyo ya dhahabu. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, nikashika mfuko na kinyago, nikahesabu pumzi kwa sauti. Mwenzangu alisimama na saa. Tuliendelea muda mrefu kuliko dakika ya dhahabu, muda mrefu kuliko ninavyotaka kukumbuka. Tulipoacha, nilimfunika kwa leso ya mamake, ya rangi ya machungwa, na nikamweleza mama. Kisha nikasikia kutoka kitanda cha pili: "Sista, nasukuma!" Nilivua glavu nikavaa nyingine. Yule wa pili alilia mara moja, kwa nguvu, na nikatabasamu kwa sababu mama yake alikuwa ananitazama. Asubuhi hakuna aliyeniuliza kitu isipokuwa kama nimemaliza kuandika.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka 2000 daktari Mmarekani, Albert Wu, aliandika kwamba jambo likiharibika hospitalini mgonjwa ni mwathirika wa kwanza, na mhudumu aliyekuwepo huwa wa pili. Hivi ndivyo ningetaka mtu angenielekeza usiku ule.

Kwanza, kabla ya kitanda kingine, omba dakika kumi. Sema kwa maneno: "Nishikieni, narudi." Osha mikono hadi viwiko, keti, kunywa maji. Hata kama kuna mkunga mmoja tu mwingine, dakika kumi zinapatikana, na wewe unayetetemeka si salama kwa mzazi anayefuata.

Pili, andika ukweli ukiwa bado mbichi: saa, ulichofanya, uliyemwita, na alifika saa ngapi. Usirudi baadaye kubadilisha. Ukikumbuka jambo jipya, liandike kama nyongeza yenye saa yake. Mimi binafsi naona maandishi safi hutuliza roho, maana ubongo usiku wa tatu utaanza kukusingizia, na unaweza kuyarudia.

Tatu, tafuta mtu mmoja wa kumsimulia. Mmoja, anayejua kazi, na asiyeeneza. Usiweke kwenye kundi la WhatsApp, hata lile la wakunga tu. Zamani huku pwani msichana alikuwa na somo wake, mwanamke aliyemwuliza yale asiyoweza kumwuliza mamake. Kila mkunga anahitaji somo wa kazi, mwenye miaka mingi kuliko yeye, na apatikane kabla ya usiku mbaya kuja. Wangu alikuwa mkunga aliyekaribia kustaafu. Nilimweleza, akanyamaza, akasema: "Wangu alikuwa msichana, mwaka wa kwanza wa kazi." Hakuongeza. Ilinitosha kuliko mafunzo yote. Lakini kama hutaki kusimulia, usilazimishwe. Kikao cha mara moja cha kulazimisha watu wasimulie wote mara baada ya msiba hakijaonyesha kuwakinga, na kinaweza kuwachoma upya.

Nne, kikao cha kuchunguza kifo kikiitishwa, nenda. Lengo lake halisi ni kutafuta kilichokosekana, iwe damu, gari la rufaa, mtu wa pili au mashine, na si kutafuta wa kumfukuza. Kikianza kugeuka mahakama, uliza swali hili kwa upole: "Kingepatikana kitu gani saa ile, mambo yangekwenda tofauti?" Nimeliona likigeuza chumba.

Tano, wiki zinazofuata. Kuota, kushtuka, kusikia kilio kisichokuwepo, hayo ni ya kawaida mwanzoni. Yakivuka mwezi mmoja, au ukianza kukwepa chumba kile, kitanda kile, au kuomba ruhusa ya ugonjwa kila ukipangiwa leba, hiyo haitaki uvumilivu tena, inataka mtaalamu.

Hatua ya 7: Pesa na lokamu

Hapa wengi hukasirika, lakini nasema. Msongo mwingi tunaouita wa leba ni wa mwisho wa mwezi. Mshahara ukichelewa na mkopo ukikatwa palepale, mkunga huchukua lokamu, yaani zamu za ziada za malipo, hospitali ya kibinafsi, analala kidogo, anakosea, anagombana na mumewe, kisha anasema kazi ya ukunga imemshinda.

Piga hesabu ya lokamu kwa ukweli. Tuseme zamu moja ya ziada inakulipa shilingi 2,000. Toa nauli ya kwenda na kurudi, chakula ulichonunua kwa sababu hukupika, na aliyekaa na watoto. Kinachobaki kigawanye kwa saa zote, za njiani zikiwemo. Rafiki yangu alipata namba iliyomfanya akae kimya jioni nzima. Alibakisha lokamu mbili kwa mwezi badala ya sita, zile zinazolipa vizuri.

Waliokuwepo mwaka 2017 wanakumbuka mgomo wa wauguzi wa nchi nzima: ulianza Juni 5 na kumalizika Novemba 2. Miezi mitano. Wenye akiba ya miezi miwili walianza kukopa Agosti. Huna haja ya kuweka yote kwa mkupuo. Anza na kuweka bei ya nauli ya siku kila siku ya zamu, kwenye chama au sako, mahali usipoweza kuchomoa kwa simu usiku wa manane.

Hatua ya 8: Ujue wakati wa kuomba msaada

Ukilala lakini huamki na nguvu kwa wiki mbili, ukilia bila sababu, ukianza kutegemea miraa, pombe au dawa za usingizi kutoka kabati la wodi, ukiwaza kwamba watu wangepumzika usipokuwepo, mwambie mtu leo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure ya kuzungumza na mshauri, 1199. Hospitali ya Port Reitz inatoa huduma ya afya ya akili. Najua jina la Port Reitz likitajwa mjini watu hucheka. Wacha wacheke. Wewe ni mtu wa afya, na humchekei mzazi aliyekuja na presha 160 kwa 110.

Hatua ya 9: Sasa, ile mizani ya pili

Msongo wangu ulishuka kutoka 29 hadi 17 kwa miezi mitatu, kwa leso zile mbili na rosta. Kuridhika kwangu kulibaki palepale, 19. Nililala vizuri katika maisha yaleyale.

Mambo mawili ndiyo yaliyosukuma kuridhika kwangu juu. La kwanza ni kuwaona tena. Leba inakupa mwanamke katika saa zake mbaya kuliko zote, kisha anaondoka, hujui hata mtoto aliitwa nani. Hiyo ni kama kusoma kurasa za katikati tu. Nilianza kuwaambia wazazi wangu, wale waliotaka, waje wanionyeshe mtoto siku wanapomleta kwa chanjo ya wiki sita. Hawaji wote. Wakija watatu kwa mwezi, inatosha. Mmoja ananiuzia nyanya Kongowea sasa, na hukataa pesa ya nyanya ya mwisho kila mara, tunagombana. Mwisho wa daftari langu ninaweka hesabu ya watoto, bila majina: vistari vitano vitano, kama mlinzi anavyohesabu magunia bandarini. Tarehe 5 Mei, Siku ya Wakunga Duniani, wengine hupata keki na fulana. Mimi hujumlisha vistari.

La pili halihusu hospitali kabisa. Mkunga ambaye kila kitu chake ni ukunga, ukunga ukimwendea vibaya wiki moja, hana pa kusimama. Chagua kitu kimoja cha kila wiki, chenye siku na saa, kisichohusiana na kazi wala na kuhudumia mtu, na kiingize kwenye rosta yako kama zamu. Changu ni Ijumaa jioni, Mama Ngina, na shoga zangu wawili ambao hakuna hata mmoja anayejua partografu ni nini. Tunanunua muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, tunaketi ukutani kutazama meli zikiingia Kilindini, na kanuni ni kwamba mwenye kutaja kazi ananunua madafu ya wote.

Pima tena mizani yote miwili baada ya wiki nane. Usipime siku uliyotoka naiti, wala siku mshahara umeingia. Chagua siku ya pili ya ofu, umelala, umekula, kisha usome daftari lako la mwanzo kabla hujajaza namba. Mwaka uliopita kuridhika kwangu kulikuwa 26. Madafu nimenunua mara mbili.